Mililita saba kwa saa

Saa nane usiku yule baba wa kilo 70 alikuwa ameng'oa barakoa ya oksijeni mara ya tatu. Uvimbe wa kongosho, chanzo mawe ya nyongo. Mapigo 128, pumzi 34 kwa dakika, mkojo mililita 20 kwa saa, wakati kwa uzito wake tulitaka angalau 35.

Shinikizo la tumbo tulilipima kupitia mpira wa mkojo: amelazwa chali, maji ya chumvi mililita 25 ndani ya kibofu, sifuri usawa wa katikati ya kwapa, unasoma anapomaliza kutoa pumzi. Likatoka milimita 18 za zebaki. Kuanzia 12 tayari ni la juu. Likizidi 20 na kiungo kipya kikaanza kufeli, hiyo ni dharura. Ila anayekaza misuli ya tumbo hujiongezea shinikizo mwenyewe, na figo ndizo zinazobanwa.

Fentanili, dawa ya maumivu, ilikwisha kuanza. Kumtuliza mtu mwenye maumivu bila dawa ya maumivu ni kumziba mdomo tu. Kati ya dawa za kutuliza, propofoli tuliiacha: imechanganywa kwenye mafuta, hupandisha mafuta ya damu, na hayo yenyewe huweza kuchoma kongosho. Midazolamu ingemzima pumzi, naye hakuwa na mrija kooni. Ikabaki deksmedetomidini, ambayo hupunguza msukumo wa adrenalini na mgonjwa akiitwa anaitika. Kichupa kina mikrogramu 200 ndani ya mililita 2. Ukiongeza mililita 48 za maji ya chumvi, kila mililita ina mikrogramu 4.

Tatizo lilikuwa dozi ya kuanzia. Iliandikwa kama karatasi ya dawa inavyosema: mikrogramu 1 kwa kilo, yaani mililita 17.5 kwa dakika 10. Haikufika hata nusu. Presha ilipanda kwanza, kwa sababu dawa ikiingia kwa kasi hubana mishipa. Kisha mapigo yakashuka hadi 46 na wastani wa presha ukawa 54. Mishipa ya mgonjwa wa kongosho ni mitupu, maji yake yamevujia tumboni. Tulizima pampu, tukaweka atropini, dawa ya kupandisha mapigo, tayari mkononi, tukampa maji ya mshipani ya Ringa mililita 700.

Mapigo yaliporudi 64 tulianza upya na mikrogramu 0.2 kwa kilo kwa saa, yaani mililita 3.5 kwa saa, bila dozi ya kuanzia. Kila nusu saa tukapandisha kidogo hadi 0.4: mililita 7.

Alfajiri shinikizo la tumbo lilikuwa 13, pumzi 22, mkojo 45. Kusema ni dawa ndiyo iliyookoa figo ni kujisifu. Ringa nayo ilikuwa imefanya kazi yake. Na saa 48, ambazo kiungo kikizipita kikiwa kimefeli ugonjwa huitwa mkali, zilikuwa hazijaisha.

Saa moja asubuhi, kwenye makabidhiano, juu ya chati iliandikwa kwa kalamu nyekundu: BILA DOZI YA KUANZIA.