Matatu ya Ohio

Agosti 2011 nilikuwa na miaka 22 na Kiingereza cha shule ambacho mchungaji wetu alikiamini kuliko nilivyokiamini mimi. Kwa hiyo wageni wa misheni walipotua Mombasa, vijana 11 wa kanisa moja la Ohio, kazi ya ukalimani ikaniangukia. Malipo yalikuwa nauli, chakula cha mchana na fulana ya kijani ambayo baadaye mama aliigeuza nguo ya kupikia.

Siku ya kwanza tuliwatembeza. Tulianzia Kengeleni, pale penye kengele ya Freretown, nikawaeleza kwamba kijiji hicho kilianzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kwamba kengele ililizwa kuwaonya watu wavamizi wa biashara ya watumwa walipokaribia. Hilo liliwagusa. Kisha tukaenda ng'ambo ya Mji wa Kale, kwenye kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf, aliyefariki Julai 1844 na kichanga chake kikamfuata baada ya siku chache. Nikaongeza, maana ndiyo sehemu niipendayo, kwamba mwaka huohuo Krapf alianza kukitia Kiswahili kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Wasichana wawili walikuwa wanapiga picha ya jahazi. Sikurudia.

Mkutano wenyewe ulikuwa Jumatano, uwanja wa vumbi huku Kisauni, baada ya mechi. Mpango wa mchungaji ulikuwa mzuri: kwanza mpira, halafu ushuhuda mmoja mfupi, basi. Hakuna kushindana kwa dini, kwa sababu nusu ya wachezaji walikuwa Waislamu na wazazi wao ni majirani zetu. Tulifungwa mabao manne. Upepo wa kusi ulikuwa unapuliza, jasho likakauka upesi, tukakaa chini ya mwarobaini na ndoo ya maji na mfuko wa viazi karai ulioisha kabla mgeni hajafungua mdomo.

Aliyesimama alikuwa kijana wa miaka 19, mrefu, shingo imeiva kwa jua. Walikuwa wamefundishwa kwao jinsi ya kutoa ushuhuda: dakika tatu, maisha kabla ya kuokoka, jinsi ilivyotokea, maisha baada yake. Alikuwa ameukariri. Akaanza na Warumi 3:23, nami nikafurahi, maana mstari wa Biblia ni mapumziko ya mkalimani: hutafsiri, unautoa tu kichwani. "Kwa sababu wote wamefanya dhambi, na kupungukiwa na utukufu wa Mungu."

Akaendelea: alipotimiza miaka 16 baba yake alimnunulia gari.

Nikatazama mbele yangu. Kulikuwa na vijana kama 30, wengine wamecheza pekupeku, mmoja kiatu chake kimefungwa kwa waya. Nikawaza, hili gari litatuharibia. Watacheka, au watamwona mtoto wa tajiri anayekuja kulia shida. Basi nikasema, "Alipofika miaka 16, baba yake alimpenda sana."

Sentensi iliyofuata ilikuwa kwamba usiku mmoja aliliendesha lile gari kwa kasi, rafiki yake akiwa kando, akaligonga mti.

Hapo nilipaswa kurudi nyuma na kuungama. Sikurudi. Nilisema, "Usiku mmoja walipanda matatu, ikapata ajali."

"Huko kwao kuna matatu?" akauliza mmoja.

Kabla sijatunga la kujibu, kipa wa wale jamaa, kijana mwembamba aliyekuwa ameketi juu ya glavu zake, akanyanyua mkono kama yuko darasani. "Sivyo alivyosema, bro. Amesema gari. Gari yake mwenyewe, kanunuliwa na babake."

Kicheko kilichozuka sijakisahau. Mgeni naye akacheka kidogo bila kujua anachekea nini, kisha akaniuliza kuna nini. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba nimeliacha gari, kwa sababu hawa wengi hata baiskeli hawana. Akaiva uso mzima. Nilidhani nimemnong'oneza, kumbe kipa alikuwa na masikio.

"Kwani sisi hatujaona magari?" akasema. "Nyali hapo, mwendo wa robo saa. Mwambie aseme kama ilivyo, na wewe useme kama ilivyo."

Aibu hiyo niliistahili. Mchungaji alikuwa anachunguza mwarobaini kana kwamba ameuona leo.

Tukaanza upya. Safari hii nilitafsiri neno kwa neno, na kijana wa Ohio naye, sijui kwa nini, akaacha ule uliokaririwa. Hakumaliza kwa dakika tatu. Alieleza rangi ya gari. Alieleza kwamba rafiki yake alikatwa mguu wa kulia chini ya goti, na kwamba yeye mwenyewe alitoka na mchubuko wa kidevu, akatuonyesha alama. Mama wa rafiki alimkuta kwenye korido ya hospitali, akamshika mkono wala hakusema kitu. Usiku huo, alisema, ndipo alipoomba kwa mara ya kwanza akimaanisha. Mungu alimsamehe.

Hakuna aliyecheka. Yule mwenye kiatu cha waya alikuwa akiuangalia mguu wake.

Kipa akanyanyua mkono tena, na safari hii aliniuliza mimi kwa Kiswahili, kwa heshima, ingawa angeweza kumuuliza mwenyewe moja kwa moja: "Muulize, huyo rafikiye amemsamehe?"

Nikamuuliza. Yule kijana alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama glavu za kipa, akatazama goli. Nilikuwa tayari na majibu matatu ya kumsaidia, yote mazuri, yote yangu. Hatimaye akasema maneno machache sana.

"Hajamuuliza," nikatafsiri.

Kipa akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Upande wa barabarani adhana ya magharibi ikaanza, na wachezaji kadhaa wakainuka wakipangusa vumbi. Kipa alichomoa kofia kutoka mfuko wa bukta, akaikunjua, akaivaa. Alimpa mgeni mkono kwanza, kisha mimi.

"Kesho usimkate tena," akaniambia, akaondoka akikimbia, glavu akaziacha chini ya mwarobaini.