Nilivyopata mkao wa ngumi unaonifaa

Nina urefu wa sentimita 168 na mikono mifupi. Nilianza na miguu, mikono ikafuata baadaye, kwa sababu gadi nzuri, yaani namna ya kuweka mikono kujikinga, juu ya miguu mibovu haikingi kitu.

Nilichora mstari wa chaki sakafuni. Natumia mkono wa kulia, kwa hiyo mguu wa kushoto ukawa mbele. Mashoto kwa kawaida hugeuza. Si sheria: bondia Oscar De La Hoya ni mashoto na alitanguliza mguu wa kushoto, hivyo mkono wake wenye nguvu ukawa karibu zaidi na mpinzani. Vidole vya mguu wa mbele viliugusa mstari upande mmoja, kisigino cha nyuma kikaugusa upande wa pili, upana ukiwa wa mabega. Kisigino cha nyuma nilikiinua kiasi cha vidole viwili kupita chini yake, magoti yakalegea.

Kisha mwenzangu akanisukuma, kwanza kifuani, halafu begani kutoka ubavuni. Jaribio hili halidanganyi. Miguu ikiwa yote juu ya mstari mmoja, msukumo wa ubavuni unakuangusha. Ikiwa sambamba, wa kifuani unakurudisha nyuma. Ukiitanua mno husukumiki, ila kila hatua inachelewa. Nilirudia baada ya kurusha ngumi ya kulia, na hapo kosa likaonekana: mguu wa nyuma ulikuwa umeburutwa mbele hadi ukalingana na mwenzake. Dawa ni kuzungusha kiuno na kisigino, mguu ubaki palepale.

Kwa mikono, nilijaribu kwanza gadi ya bega, ile ya bondia Floyd Mayweather: mkono wa mbele umelala tumboni, bega limefunika kidevu. Inamfaa mwenye macho mepesi na mikono mirefu. Mimi ngumi yangu ya mbele ilitokea chini na kufika imechelewa, na mbele ya mashoto ngumi yake ya kushoto ilipita moja kwa moja hadi usoni.

Nikahamia gadi ya juu: glovu kwenye mashavu, viwiko vikibana mbavu, kidevu chini. Mike Tyson, sentimita 178 kati ya majitu, alipigana hivyo, kifua kikielekea zaidi mbele. Lakini kichwa chake hakikutulia. Kifua kikiwa wazi namna ile na kichwa kimesimama, umejigeuza begi la mazoezi. Ukichezesha kichwa hivyo kwa kuinama, mapaja ndiyo hulipia: raundi ya kwanza ya dakika tatu ilikuwa rahisi, ya tatu nikawa nainama kwa mgongo badala ya magoti, na macho yakaangalia sakafu.

Kwa hiyo nilibaki na glovu za juu, ila mwili nimeugeuza kidogo ubavu, na nainama tu ninapoingia karibu. Mtu mrefu angefanya kinyume: asimame wima zaidi, mkono wa mbele aunyooshe kiasi, amzuie mfupi kama mimi asisogee.