MGB ya 1969: geji ya kompresheni na silinda namba tatu

Karatasi ya muuzaji

Gari, MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, nimeshaliona mara mbili. Bodi ina kutu kwenye sili za chini ya milango, pale pale MGB nyingi zinapoozea, na hilo nilikuja nikilijua. Kilichonirudisha na sanduku la zana ni karatasi niliyopewa na mzee mwenye gari: kompresheni, yaani presha ya hewa inapobanwa ndani ya kila silinda, 160, 160, 160, 160. Injini ya zaidi ya miaka 50, silinda nne, zote zisome sawa hadi tarakimu ya mwisho? Hata mapacha hawafanani hivyo. Nikamuuliza: injini ilikuwa ya moto? Plagi zote zilitolewa?

"Mwanangu, aliyepima ni fundi. Mimi nilipewa karatasi tu."

Hakuwa na neno nilipoomba kupima mwenyewe.

Kabla ya kugusa plagi nilitazama namba ya injini. Kwenye injini hizi za cc 1798 kuna herufi H au L katikati ya namba. H ina uwiano wa kompresheni wa 8.8 kwa 1, L ni 8.0 kwa 1, iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli hafifu. Hii ni H. Usipoangalia hapo, unaweza kuikataa L nzima ukidhani imechoka, kumbe ndivyo ilivyotoka kiwandani. Kwa kweli, injini iliyokwisha kufunguliwa inaweza kuwa na pistoni za aina yoyote, lakini angalau una pa kuanzia.

Kipimo cha kwanza, cha kutupa

Injini ilichemshwa hadi joto la kazi, plagi zote nne nje, waya wa koili umechomolewa, na pampu ya petroli nayo imekatiwa umeme. Nikapiga stata, mizunguko sita kwa kila silinda:

105, 108, 104, 106 psi (pauni kwa inchi ya mraba).

Rafiki niliyekwenda naye akaanza kukusanya spana. "Injini imekufa hiyo, twende." Mimi namba zile zilinipa shaka ya upande mwingine. Ringi, yaani pete za pistoni, haziishi kwenye silinda zote nne kwa kipimo kimoja, na valvu haziungui kwa makubaliano. Zote zikishuka sawasawa, kwanza mtuhumu mpimaji, halafu taimingi cheni (inayopanga muda wa valvu kufunguka), pistoni zikiwa za mwisho.

Na kweli makosa yalikuwa yangu, mawili. Sikuwa nimekanyaga mafuta hadi mwisho, kwa hiyo hewa ilikuwa inapita kwenye upenyo mdogo tu. Halafu hizi kabureta za SU zina ujanja wake: zina pistoni ndani inayoinuliwa na mvuto wa hewa, na kwa mwendo wa stata mvuto huo hautoshi. Hata ukifungua kipepeo (kibati cha kuruhusu hewa) chote, pistoni inabaki chini imeziba njia. Lazima uziinue kwa mkono na kuzishikilia. Pia gari hili lina beteri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na moja ilikuwa hoi. Stata ikizunguka polepole, hewa inapata muda wa kuvuja na geji inasoma chini.

Kipimo cha pili

Tukaunga beteri nzima ya volti 12, tukainua pistoni za kabureta, rafiki akakanyaga mafuta hadi sakafuni.

Silinda 1: 148. Silinda 2: 150. Silinda 3: 112. Silinda 4: 146.

Sasa hapo kuna habari. Kanuni ninayoifuata ni kwamba silinda ya chini isipungue asilimia 75 ya ile ya juu. 112 kwa 150 haifiki 75, kwa uchache. Hizo 148 au 150 zenyewe sizishikilii sana. Geji mbili zinaweza kutofautiana kwa psi kadhaa, na mtu anayepima kwenye mwinuko wa mita 1,500 atasoma chini kwa takriban sehemu ya sita kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Wako pia wanaozidisha 8.8 kwa 14.7 wapate 129, halafu washangae geji inaposoma 150. Hewa ikibanwa haraka inapata joto, na joto linaongeza presha. Ukitaka ukweli, linganisha silinda kwa silinda, geji moja, siku moja.

Nilichokitazama zaidi ni mwendo wa mshale. Silinda 1, 2 na 4 ziliruka juu kwa pigo la kwanza, kisha zikamalizia kilichobaki. Ringi zikichoka, pigo la kwanza huwa dogo halafu mshale unapanda ngazi kwa ngazi kadiri unavyozidi kuzungusha. Namba 3 ilianza chini na ikabaki chini.

Kijiko cha oili

Nikatia oili kijiko kimoja cha chai katika kila silinda kupitia tundu la plagi. Si zaidi, kwa sababu oili nyingi inajaza nafasi na kupandisha presha ya uongo.

158, 160, 114, 157.

Oili inaziba pembeni ya ringi kwa muda. Kama hewa ilikuwa inatoroka huko, namba 3 ingepanda kwa kishindo. Ilipanda 2 tu. Basi ringi hazina hatia, tumebaki na valvu au gasketi ya kichwa. Gasketi ikikatika kati ya silinda mbili, kwa kawaida majirani wawili hushuka pamoja, na hapa 2 na 4 ni wazima. Rejeta nayo haikuwa na povu.

Nikafungua kava ya valvu. Kwenye kichwa hiki, egzosi za silinda 2 na 3 zinatumia tundu moja la katikati, yaani valvu ya 4 na ya 5 zinapikana pamoja. Ukitaka kuseti tapeti, yaani nafasi ndogo juu ya valvu, unatumia hesabu ya tisa, namba mbili zijumlishe tisa: valvu ya 4 ikiwa imefunguka kabisa, unapima ya 5. Inatakiwa inchi 0.015, yaani milimita 0.38. Fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 haikupita. Valvu ilikuwa haifungi.

Hii ni hadithi inayojulikana ya vichwa vya chuma cha zamani kwenye petroli isiyo na risasi. Siti za egzosi, pale valvu inapokalia ikifunga, zinalika, valvu inazama ndani ya kichwa, nafasi ya tapeti inaisha, na valvu isiyokaa kwenye siti inakosa pa kupoza joto lake.

Niliseti, nikapima tena: 134. Nafuu kubwa, lakini bado haijafika kwa wenzake. Nikapeleka hewa ya kompresa kwenye silinda 3, pistoni ikiwa juu kabisa, nikaweka sikio kwenye bomba la egzosi. Mluzi mwembamba. Kwenye kabureta kimya, kwenye tundu la oili mvumo kidogo tu wa kawaida.

Nikamwonyesha mzee namba zote, na zile mbaya za kwanza pia, nikamweleza kilichozisababisha. Tukakubaliana bei ya gari linalohitaji kazi ya kichwa, si bei ya injini iliyokufa wala ya ile karatasi.

Wiki mbili baadaye

Kichwa kimetoka. Valvu ya 5 ina pengo ukingoni, kama imemegwa na panya, na siti yake imezama kuliko zote. Ndani ya silinda 3 michirizi ya honi (jiwe la kunolea ukuta wa silinda) bado inaonekana vizuri. Ya 4 haijaungua, ila nayo imeanza kuzama.

Kichwa kiko karakana ya mashine kuvikwa siti ngumu kwenye egzosi zote nne. Wakati nangoja, natafuta beteri.