Bwana Maganda, mteja wangu asiyelipa

Mtu akikuambia biashara zote ni moja, unanunua na kuuza, muulize kama amewahi kubangua korosho. Mimi niliambiwa hivyo na kijana wa kompyuta hapa Masasi, akaniwekea programu ileile anayowawekea wenye maduka ya nguo. Kwao inafaa, sibishi. Umeingiza mashati 40, umeuza 10, yamebaki 30.

Haya, ingiza korosho ghafi kilo 100. (Za halali, zenye risiti. Mambo ya kangomba, yaani kununua korosho kwa magendo, waulizwe wengine.) Ukishamaliza kazi yote unapata karanga, yaani ile korosho ya ndani inayoliwa, kilo 20 na ushee, nazo si kitu kimoja. Kuna W240, kuna W320, kuna nusu, kuna vipande. Hiyo 320 ni idadi ya korosho nzima zinazoingia kwenye ratili moja, kwa hiyo namba ikipanda, korosho ni ndogo na bei inashuka. Programu ya mashati itayajulia wapi haya? Nikiuza kilo 22, yenyewe inashikilia kwamba stoo zimebaki 78.

Nikampigia kijana. "Mama, andika tu zimeibiwa." Niibiwe kilo 78 kwa kila mzigo? Polisi wangehamia kwangu.

Ndipo nikabuni mteja. Nikamwita Bwana Maganda. Kila mzigo ukiisha, yeye ananunua kilo zote zilizopotea. Programu ikakataa bei ya sifuri, nikamuuzia kwa shilingi 1, tena kwa mkopo. Ikadai namba ya simu, nikaweka laini yangu ya zamani. Stoo ikanyooka, nikajiona profesa! Mwisho wa mwezi ujumbe ukaingia kwenye ile laini: Ndugu Bwana Maganda, hongera, wewe ni mteja wetu bora wa mwezi. Nikacheka peke yangu hadi wabanguaji wakasimamisha kazi. Mhasibu wangu wa kukodi yeye hakucheka. Alifungua hesabu, akavua miwani, akaniuliza, "Mama, huyu Maganda ni nani? Anabeba mzigo kuliko wateja wote, na hajawahi kulipa hata senti. Tumwandikie barua?"

Programu niliyonayo sasa nilionyeshwa na mbanguaji mwenzangu wa Newala. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaosindika vyakula. Inajua kwamba kitu kimoja kinaingia na vitu vingi vinatoka, na kwamba kuna kinachopotea njiani bila mwizi. Bei yake kwa mwezi ni chini ya gunia moja la ghafi, hata msimu bei inapokuwa mbaya. Kuhamisha hesabu za nyuma sitawasimulia, ni kukaa chini na kunakili tu.

Kilichonilipa ni hiki. Kila mzigo una namba yake, kwa hiyo naona mzigo upi umetoa nzima nyingi na upi umetoa vipande. Kukawa na mizigo inavunjika vibaya, na sababu siioni. Nikaipanga kwa saa za kuchemsha: yote ni ile iliyochemshwa na kubanguliwa siku hiyohiyo. Zilizolala usiku kucha zikapoa na kukauka, karanga inajitenga na ganda na kisu hakiiumizi. Kuna bibi mmoja mezani kwetu alikuwa akiyasema haya siku zote, tukamwona mvivu wa kuanza kazi. Nimemwongezea posho.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji: nikiingiza 100 zikatoka 22, programu yako itasemaje? Akianza kukohoa, ondoka. Na hakikisha inafanya kazi bila intaneti. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika Somanga, haikupita muda nyaya za baharini nazo zikakatika na mtandao ukawa wa kubahatisha nchi nzima. Mimi niliendelea kuandika kwenye simu, mtandao uliporudi ikajituma yenyewe. Simu hiyo ashike mtu wa mizani, asiye mbanguaji, maana mafuta ya ganda yanachubua mikono na kutia doa kila yanachogusa. Madaftari yangu ya zamani yana kurasa nyeusi zisizosomeka.

Malipo ya akina mama pia yametulia. Kila mmoja anaona kilo zake za nzima na za vipande kabla sijatoa pesa, na kelele za Jumamosi zimepungua sana. Isipokuwa mama mmoja, anadai programu inampendelea jirani yake wa meza. Nimepima mizani mbele yake, nimewabadilisha viti, bado anadai. Hiyo sijaipatia dawa.