Bei ya picha za bidhaa: anza na siku, si na picha

Mfanyabiashara wa Kariakoo akikuuliza "picha moja shilingi ngapi?", usitaje bei kabla hujaiona bidhaa. Mkoba na chupa ya manukato vinaweza kuuzwa bei moja dukani, lakini kwa mpigapicha ni kazi mbili tofauti kabisa.

Kwanza jua siku yako ina thamani gani. Tuseme unataka kubaki na 1,500,000 kwa mwezi, yaani 18,000,000 kwa mwaka. Kamera, lenzi, taa na kompyuta vya 6,000,000 vikidumu miaka 3, ongeza 2,000,000. Umeme, bando, nauli na programu ya kuhariri vikila 400,000 kwa mwezi, ni 4,800,000. Jumla 24,800,000. Sasa gawa kwa siku zenye malipo. Wengi hujidanganya hapa kwa kugawa kwa 300, wakati kutafuta wateja, kujibu WhatsApp na kudai madeni hakulipwi na mtu. Siku 10 kwa mwezi zinatosha kukadiria. Kwa siku 120 unapata kama 207,000. Iite 210,000, na kodi ya mapato bado.

Siku ya kuhariri nayo ni siku. Mikoba 25, picha mbili kila mmoja kwenye mandhari meupe, inapigika kwa siku moja maana taa hazihami. Lakini picha 50 kwa dakika 10 za kusafisha ni zaidi ya saa 8. Siku mbili, 420,000: picha moja 8,400.

Chupa za manukato zenye vifuniko vya dhahabu? Nane kwa siku, ukienda vizuri. Kila chupa inaakisi sofboksi (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga wa taa), kamera, hata shati lako, kwa hiyo kioo, lebo na kifuniko hupigwa kila kimoja kwa mwanga wake, kisha unaviunganisha. Hapo kompyuta inakula karibu saa nzima kwa chupa. Siku mbili zilezile, picha moja 52,500.

Mteja akilia bei, punguza kazi. Ile mikoba ikipigwa pembe moja tu, uhariri unakuwa nusu siku na jumla inashuka hadi 315,000. Ila bei ya picha moja inapanda hadi 12,600, kwa kuwa kuujaza mkoba karatasi na kuunyoosha mikanda huchukua muda uleule. Mweleze hivyo mapema.

Kianzio kiwe nusu, kabla mzigo haujafika kwako. Fungua maboksi mbele ya aliyeleta: lebo iliyopinda au kioo chenye mikwaruzo ni saa zako zinazopotea. Andika marekebisho ni raundi mbili, na kwamba bei ni ya mitandaoni tu. Picha ikienda kwenye bango la barabarani inalipiwa upya. Kampuni ikikukata kodi ya zuio ya 5% kwenye malipo yako, dai cheti chake, maana kiasi hicho huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.