Si kila jambazi anaongea Kiswahili

Filamu nyingi za uhalifu zinazorudi enzi za Idi Amin, Uganda, zina ugonjwa mmoja: anayeongea Kiswahili ndiye mwenye bunduki. Mimi mzaliwa wa Bombo, nimelelewa kwa Kinubi, lugha ya Wanubi wa Uganda, na Kiswahili, na jambo hilo limenikera tangu utotoni. Basi kijana mmoja mwongozaji aliponiita Mbale nimsaidie upande wa lugha na kuchagua waigizaji, nilikubali kabla hajataja malipo. (Heri hivyo, maana hayakuwa ya kutajwa.)

Hadithi yenyewe tamu. Mwaka ni 1977. Baridi kali imeua mibuni Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani imepaa, lakini mkulima wa Uganda analipwa kwa shilingi iliyochoka. Kahawa ya Mlima Elgon inavushwa usiku kupelekwa Chepkube, upande wa Kenya. Karani wa ushirika anauawa, inspekta anamsaka muuaji.

Nilishika kalamu nyekundu nikapigia mstari kila sentensi ya Kiswahili kwenye mswada. "Simama!" "Toa pesa!" "Funga mdomo!" Hakuna hata mmoja aliyeomba maji ya kunywa kwa Kiswahili. Wapagazi Wasabiny, watu wa Mlima Elgon, hawakupewa neno, wanawake kazi yao ilikuwa kulia msibani, na tajiri mwenye hila alikuwa Mhindi, wakati Wahindi karibu wote walifukuzwa mwaka 1972.

Sikumhubiria mwongozaji habari za ubaguzi. Nilimwambia, "Mdogo wangu, mtu akisikia lugha tu ameshamjua muuaji. Sasa saa nzima iliyobaki anatafuta nini?"

Hapo nilimpata. Inspekta tukamfanya Mwiteso anayeongea Kiswahili na kila mtu, kama afisa wa polisi angefanya katika mji wenye Wagisu, Wanubi, Wasomali na Waganda katika soko moja. Mkuu wa genge nikampa Kiganda laini cha mtu aliyelelewa vizuri. Mwigizaji wake, Muganda mwenyewe, alisita: "Dada, kwetu watasemaje?" Nikamjibu, "Watasema umeigiza."

Kilichotuchukua muda mrefu ni kizuizi cha barabarani. Mwanzoni askari alikuwa anapiga kelele tangu gari lisimame. Niliomba ashushe sauti, amsogelee bibi mwenye kapu la ndizi na kumuuliza, "Jambo mama. Habari ya nyumbani? Hii mzigo ni ya nani?" huku mkono wake ukipapasa chini ya ndizi. Mwigizaji alikuwa amesoma Kiswahili Kenya, akawa anasahihisha ngeli kila mara: "Mzigo huu ni wa nani?" Nikamkatalia. Huyu ni mwanajeshi wa 1977, Kiswahili chake ni cha kambini, kile kilichorithiwa tangu enzi za KAR, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni. Aliporudia kwa upole ule, hata aliyeshika taa aliacha kutafuna.

Yule Mhindi tulimwondoa, ila si kabisa. Duka lake tukampa "mafuta mingi" mmoja, yaani tajiri mpya wa wakati huo aliyegawiwa duka la Mhindi baada ya 1972, na fundi akapaka rangi kibao cha mlangoni vibaya kwa makusudi, herufi za Kigujarati zikawa zinachungulia chini. Tajiri huyo mpya hajui bei ya nusu ya vitu vilivyo kwenye rafu zake. Hayo yanaeleza zaidi kuliko mazungumzo yaliyokuwepo.

Kwa wanawake nilishinda nusu. Mjane wa karani sasa ndiye anayejua hesabu za magunia, na inspekta hafiki popote bila yeye. Nilitaka pia mwanamke awe mnunuzi mkubwa wa magendo. Mwongozaji akakataa, akidai watu hawataamini. Bado naona amekosea.

Wapagazi wamepata maneno yao kwa Kikupsabiny, wakibishana kuhusu punda anayegoma. Tuliwaachia waigizaji wenyewe watunge, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeijua lugha hiyo, na maandishi ya chini ya picha tumeyaandika baada ya wao kututafsiria. Kuna tusi moja wamekataa katakata kutueleza. Limebaki kwenye filamu.