Nilivyopunguza RAM inayoliwa na programu za mizani, ghala la korosho Masasi

Kompyuta ilikuwa kuukuu, ya biti 32, RAM ya GB 1, inaendesha Linux. Kila mzani una programu yake, na zote zinatumia maktaba moja ya pamoja (faili la msimbo linalotumiwa na programu nyingi), libmizani.so.1. Msimu ukichanganya, mashine inahamishia kurasa (vipande vya kumbukumbu) kwenye diski, na karani anangoja risiti huku gunia liko juu ya mzani.

Safu ya RES kwenye top, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, haikunisaidia, maana inahesabu kila ukurasa ulioko kwenye RAM kama wa programu hiyo peke yake. Maktaba ya MB 6 ikitumiwa na programu 12 inasomeka MB 72, kumbe nakala ni moja. Nilifungua /proc/PID/smaps, faili ambamo kerneli (kiini cha Linux) inaeleza kumbukumbu ya programu yenye namba PID, nikaangalia Pss, inayogawa kila ukurasa kwa idadi ya wanaouchangia. Nilitarajia nusu MB kwa kila programu. Ikaja karibu MB 6. Kwenye kipande cha r-xp, yaani msimbo wenyewe, Private_Dirty (kurasa zilizobadilishwa na programu hiyo pekee) ilikaribiana na Rss (kurasa zote zilizoko kwenye RAM). Msimbo husomwa tu, sasa nani kauandika?

Ni ld.so, kipakiaji kinachounganisha programu na maktaba zake. Maktaba ilijengwa bila -fPIC (chaguo la gcc linalotoa msimbo unaofanya kazi popote unapopakiwa), kwa hiyo kila programu ikiwaka, ld.so inasahihisha anwani ndani ya msimbo. Faili limepangwa kwenye kumbukumbu kwa MAP_PRIVATE, yaani mabadiliko hubaki ya programu hiyo pekee, basi kila ukurasa wa KB 4 unaoguswa kerneli inaunakili. Ushahidi ni alama ya TEXTREL, inayosema msimbo unahitaji kusahihishwa:

readelf -d libmizani.so.1 | grep TEXTREL

Nikajenga upya:

gcc -fPIC -c *.c
gcc -shared -Wl,-soname,libmizani.so.1 -o libmizani.so.1 *.o

Faili moja tu likibaki bila -fPIC, TEXTREL inarudi. Kwenye i386 (prosesa za Intel za biti 32) -fPIC inakalia rejista moja, mara nyingi ebx, na kupunguza kasi kidogo; kwa programu inayoshinda ikisubiri mzani, si kitu.

Kuweka maktaba mpya kunataka uangalifu kuliko kuijenga. Kerneli hukataa kuandikwa juu ya programu inayoendeshwa, lakini maktaba haiilindi. Ukitumia cp juu ya faili la zamani, inode (rekodi ya faili kwenye diski) inabaki ileile, faili linakatwa hadi sifuri, na programu zilizo kazini zinaanguka kwa SIGBUS (kosa la kusoma sehemu ya faili ambayo haipo tena) au zinatekeleza msimbo uliohama mahali. Nilinakili kwa jina libmizani.mpya kwenye saraka ileile, kisha mv kulipa jina la libmizani.so.1. Programu za zamani zinaendelea na inode ya zamani, na /proc/PID/maps inaiandika (deleted). Nikaziwasha upya mojamoja, kila mzani ukiwa mtupu, hadi neno hilo likaisha.